Tu-stroki Huuawa Nyumbani: Hotuba kwa Waendeshaji na Mafundi wa Njia za Elgon

Hotuba hii ilitolewa Mbale, mashariki mwa Uganda chini ya Mlima Elgon, mbele ya mafundi wa gereji na waendeshaji wa pikipiki za porini zenye injini ya tu-stroki, yaani ya mapigo mawili. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi na waendeshaji, mulembe. Nawashukuru mlioteremka kutoka Sipi na Budadiri, na ninyi wa Soroti mliokula vumbi tangu alfajiri.

Leo nina neno moja, na nitalirudia mpaka mlikariri: tu-stroki haifi porini, tu-stroki huuawa nyumbani. Ikigoma katikati ya mlima wa Wanale, tunaulaumu mlima. Tunalaumu jua. Tunamlaumu aliyetuuzia. Lakini mlima umefanya nini? Pistoni iliyoshikana saa nne asubuhi ilihukumiwa usiku wa jana kwenye jerikeni la mafuta, au juma lililopita, chujio la hewa liliporudishwa na vumbi lake.

Nani kati yenu amewahi kupata pistoni ya Yamaha YZ hapa mjini siku ileile aliyoihitaji? Sioni mkono. Ya Bajaj Boxer ipo kila mtaa, na kijana wa gereji ataifunga kabla chai haijapoa. Ya kwetu hutoka Nairobi ukibahatika, na mara nyingi hutoka mbali zaidi. Mafundi wetu ni hodari, nasema hivyo mbele yao bila kuwapamba, lakini ustadi wao umekulia kwenye foo-stroki, injini ya mapigo manne ya boda. Sehemu kubwa ya ustadi huo inatufaa. Sehemu nyingine inaua injini zetu, na ndiyo iliyotukutanisha leo.

Tuanze na oili.

Boda pale steji ina oili chini ya injini. Pampu huizungusha, hupanda juu na kurudi chini, na fundi akichomoa kijiti anaona kiwango. Tu-stroki haina kitu hicho. Petroli na hewa huingia kwanza kwenye nyumba ya krenki, chini ya pistoni. Pistoni ikishuka huvikandamiza, navyo hupanda juu kupitia njia za pembeni za silinda. Petroli ile ndiyo inayobeba oili. Beringi za krenki, beringi ya konirodi, ukuta wa silinda, ringi: vyote hivyo hunywa kutoka kwenye tangi. Je, ile oili yenye bolti yake ya kumwagia pale chini? Hiyo ni ya gia na klachi tu. Haipandi juu hata tone.

Sasa sikilizeni kisa ambacho kila gereji ina cha kwake. Kijana ananunua Kawasaki KX125 Kampala. Muuzaji anamwambia, "Oili nimebadilisha jana." Ni kweli, amebadilisha ya gia. Kijana anaifikisha nyumbani kwa pikapu, anajaza petroli tupu kituoni kama anavyojazia boda yake, kisha anaingia njiani. Je, injini inakataa? Haikatai! Inaondoka vizuri, haina moshi, na kijana anafurahi kwamba amepata pikipiki safi. Mabaki ya oili ukutani yanambeba kilomita chache. Halafu nguvu inapungua, sauti inakuwa kavu na kali, na gurudumu la nyuma linafunga ghafla. Wakifungua silinda, alumini ya pistoni imejipaka ukutani toka juu hadi chini. Kijana yule hakuwa mjinga. Aliitendea tu-stroki kama foo-stroki kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Basi tuambiane leo, kwa vipimo. Uwiano wa 40 kwa 1 ni mililita 25 za oili kwa kila lita ya petroli. Wa 32 kwa 1 ni mililita 31. Wa 60 kwa 1, ambao KTM nyingi za kabureta zimeandikiwa, ni kama mililita 17. Kwa jerikeni la lita 5, hiyo ni mililita 125, 156 na 83. Kitabu cha pikipiki yako kinasema uwiano gani? Fuata hicho. Kama kitabu kimepotea na hujui historia ya injini, anza na 40 kwa 1 ukitumia oili nzuri. Kisha usiubadilishe kila juma, maana kila ukibadilisha uwiano umebadilisha na upimaji wa kabureta.

Na kipimo ni chupa yenye mistari ya mililita, ile ya duka la dawa inatosha. Kifuniko cha soda si kipimo. "Kidogo tu mpaka rangi igeuke" si kipimo. Tangulizeni oili kwenye jerikeni safi, mimineni nusu ya petroli, tikiseni, malizieni petroli, tikiseni tena. Andikeni kwa kalamu ya wino mzito ubavuni: uwiano na tarehe. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi kwenye joto letu msiutie kwenye injini ya mbio. Kabla ya kujaza tangi, tikiseni kwa mara nyingine.

Wapo wanaoongeza oili kwa usalama. Nia ni njema, lakini tazameni kinachotokea. Tundu la jeti, kile kijitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, halibadiliki. Kinachopita pale ni ujazo uleule, kwa hiyo oili ikizidi, petroli imepungua. Injini inapata petroli kidogo kwa hewa ileile na inachemka zaidi. Juu ya hapo masizi yanajaa kwenye vali ya ekzosi hadi inakwama. Usalama uko kwenye kipimo sahihi.

Halafu ni oili ipi? Ndugu zetu wavuvi wa Ziwa Victoria wamechanganya mafuta maisha yao yote, na pale Masese au Ggaba utapata oili ya injini za mashua kwa urahisi. Soma chupa. Ikiandikwa TC-W3, ni ya mashua: imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa wakati wote, tena inayozunguka polepole kuliko yetu. Pikipiki inayopiga mizunguko zaidi ya 10,000 kwa dakika kwenye mlima wenye jua inahitaji oili ya pikipiki yenye alama ya kiwango cha Kijapani, JASO FD, au FC kwa uchache. Injini ya mashua iacheni na oili yake.

Oili ya gia nayo isisahauliwe. Pikipiki nyingi za cc 125 hadi 300 huchukua kati ya mililita 650 na 850, na aina nyingi hupenda 10W-40 yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi yetu inaogelea ndani yake. Badilisheni kila baada ya saa 10 hadi 15 za kuendesha. Na mnapoimwaga, isomeni! Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili ya pampu ya maji imekufa. Ikiwa imepungua na ekzosi inatoa moshi mweupe mzito hata injini ikiwa moto, sili ya krenki upande wa klachi inavuta oili ya gia na kuichoma. Sili ya upande wa pili, wa sumaku, haina oili ya kuvuta, kwa hiyo inavuta hewa. Dalili yake ni injini inayochelewa kushuka mizunguko ukiachia mafuta, kana kwamba kuna mkono umeishikilia juu. Ukiisikia, zima hapohapo. Hewa ya ziada ni petroli pungufu, na petroli pungufu ni oili pungufu.

Sasa chujio la hewa, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Kuanzia Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti, barabara zetu za murramu zinageuka unga mwekundu. Mmeuona unavyopenya hadi kwenye soksi zenu. Kwenye foo-stroki, vumbi likipita chujio linaingia moja kwa moja juu ya pistoni. Ni baya, lakini mengi hutoka na moshi. Kwetu linapita wapi kwanza? Linapita kwenye nyumba ya krenki! Linapita kwenye beringi kubwa, kwenye beringi ya konirodi, ndipo lipande kukwangua silinda. Kwa hiyo safari moja yenye chujio lililokaa vibaya inaweza kukugharimu sehemu ya juu na sehemu ya chini kwa pamoja. Na sehemu ya chini ni kupasua injini nzima.

Wameendesha vijana wawili kutoka Kumi hadi chini ya mlima, pikipiki zinazofanana, siku moja. Mmoja alikaa mita hamsini nyuma ya mwenzake njia nzima, ndani ya wingu lake. Chujio lake lilikuwa limefuliwa vizuri, likatiwa oili vizuri. Lakini mdomo wake haukupakwa grisi, na upande mmoja ulikaa nje ya ukingo kwa upana wa ukucha. Jioni pikipiki iliwaka kwa shida. Kesho yake kiki ilikuwa nyepesi mguuni, kompresheni imekwenda. Ringi zilikuwa kali kama wembe. Ule upana wa ukucha ndio uliomaliza injini.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Osheni kwanza pikipiki kwa nje, chujio likiwa bado ndani, ili matope yasidondokee kwenye tundu. Likitoka, zibeni tundu la hewa kwa kitambaa safi. Chujio la sponji lisifuliwe kwa petroli: petroli inalegeza gundi ya maungio, na moto wake mnaujua. Tumieni mafuta ya taa au dawa yake, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka maji yatoke meupe. Kamueni kwa kubana kati ya viganja. Msilisokote kama nguo, litachanika. Likaushwe kivulini hadi likauke kabisa, kwa sababu oili haishiki sponji yenye maji. Kisha litieni oili ya chujio ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, safi na mlikandekande mpaka rangi ienee pande zote, bila doa kavu na bila oili kuchuruzika. Pakeni grisi kwenye mdomo unaokutana na boksi. Likisharudi, zungusheni kidole ukingoni mwote. Kidole, si jicho, maana nyuma kule jicho halifiki.

Kiangazi, kazi hii ni kila baada ya safari. Kila baada ya safari! Masika mnaweza kungoja mara mbili au tatu, isipokuwa maji yakiingia. Kuweni na machujio mawili au matatu yaliyokwisha kutiwa oili, yakisubiri kwenye kaveera. Na njiani, wa nyuma asubiri vumbi la wa mbele litulie. Hakuna haja ya kumeza wingu la mwenzako.

Tupande sasa.

Hapa Mbale tuko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Sipi ni zaidi ya mita 1,700, na vijiji vya juu vya Sebei vinavuka mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10. Kabureta halijui hilo. Linaendelea kumwaga petroli karibu ileile. Kwa hiyo pikipiki iliyotoka kiwandani, imepimwa kwa usawa wa bahari, ikishushwa hapa mjini tayari ina petroli ya kuzidi kabla hata hujaona mlima. Ndiyo maana nyingi zinabwabwaja, zinatema plagi, na zinatapika ule uji mweusi kwenye mwisho wa sailensa. Watu wanasema oili imezidi. Mara nyingi si oili, ni petroli iliyozidi na kuacha oili bila kuungua.

Kabureta tuligawe kwa mkono wako wa kulia. Kuanzia mshiko wa mafuta ukiwa umefungwa hadi robo, inayotawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa. Robo hadi robo tatu, ni sindano. Robo tatu hadi mwisho, ni jeti kuu. Kwa hiyo fundi akikuuliza, usimwambie tu "inakohoa." Mwambie inakohoa mkono ukiwa wapi. Bandikeni kipande cha utepe kwenye mshiko na kingine kwenye kikombe chake, mtapaona mkono ulipo. Sisi wa njia nyembamba tunaishi kwenye jeti ndogo na sindano. Watu wengi huhangaika na jeti kuu ambayo hawaifikii ila mara chache kwa siku.

Kupunguza petroli, pandisheni klipu ya sindano tundu moja, sindano ishuke. Kwa jeti kuu, shukeni namba moja, jaribuni, halafu namba nyingine kama bado inahitajika. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Plagi itawaambia: kahawia hafifu ni njema, nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, nyeupe yenye chembe zinazometa ni hatari, kwani zile chembe ni pistoni yako inayoyeyuka. Pengo la plagi liwe milimita 0.6 hadi 0.7. Kila mwendeshaji abebe plagi mbili mpya na spana yake.

Lakini jambo la kuua ni hili. Kundi linapanda hadi Sebei. Juu kule pikipiki moja inabwabwaja, mwenyewe anaweka jeti ndogo zaidi, inaimba. Anasifiwa na wenzake. Kesho wanateremka hadi tambarare za Bulambuli, barabara imenyooka, anavuta mafuta yote. Hewa huku chini ni nzito. Jeti ni ya mlimani. Unadhani alifika? Petroli ya kuzidi inakuaibisha, inachafua plagi na kukupotezea nguvu. Petroli pungufu inavunja injini. Kwa hiyo pimeni kabureta kwa mahali pa chini kabisa mtakapofungua mafuta yote siku ile, na mlimani mvumilie kubwabwaja kidogo. Mkibadilisha juu, andikeni kwenye utepe juu ya tangi: jeti ya mlimani, badilisha kabla ya kushuka.

Na mteremko wenyewe? Foo-stroki inateremshwa kwa gia, mafuta yakiwa yamefungwa, injini inashika. Ukifanya hivyo na tu-stroki kutoka Kapchorwa hadi chini, magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi huku petroli haiji. Na petroli isipokuja, oili inatoka wapi? Haitoki popote. Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu vuteni mafuta kidogo kila baada ya sekunde chache, au shikeni klachi injini itulie, na kazi ya kuzuia iachieni breki mbili. Ya nyuma isikanyagwe mfululizo, itachemka na pedali kuzama. Kanyageni, achieni, kanyageni. Na kidole kimoja kisiondoke kwenye klachi siku nzima. Injini ikianza kukaza, una nusu sekunde ya kuvuta klachi kabla gurudumu la nyuma halijafunga.

Kuna kiungo kimoja ambacho wengi wanakiona kama bomba la moshi tu: lile tumbo la ekzosi. Mwaka 1961, Ujerumani Mashariki, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ aliyeitwa Walter Kaaden alikuwa ameifikisha injini ya 125 kwenye nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa lita, jambo lisilokuwa limewezekana bila kusukumiwa hewa. Siri yake kubwa ilikuwa mawimbi ndani ya bomba. Moshi ukitoka, wimbi linakimbia hadi kwenye koni ya nyuma, linagonga, linarudi, na kuisukuma ndani ya silinda petroli iliyotaka kutoroka kabla tundu halijafungwa. Mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden mwezi Septemba mwaka huohuo na kupeleka ujuzi ule Suzuki. Mwaka 1962 Degner na Suzuki walitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 50. Ubingwa wa dunia kwa sababu ya umbo la bomba! Sasa wewe unabonda tumbo lile kwenye jiwe, linaingia ndani upana wa kiganja, na unasema ni urembo tu. Alama ndogo haina neno. Pigo kubwa linabadilisha safari ya wimbi na kuondoa nguvu. Fundi wa kulehemu azizibe ncha, ajaze hewa kidogo, apashe moto taratibu mpaka lijitokeze. Fungeni ngao. Pamba ya sailensa badilisheni kila saa 20 au 30, kwa sababu ya nguvu, na pia kwa sababu ya shule na zahanati tunazopita.

Sasa mafundi, hili ni lenu.

Injini hizi zinahesabiwa kwa saa, si kwa kilomita. Mita ndogo ya saa inafungwa kwenye waya wa plagi, na bei yake haifikii ya pistoni. Kwa mwendo wa porini, pistoni ya 125 ifunguliwe na kutazamwa karibu na saa 30, ya 250 au 300 karibu na saa 60. Kutazama si lazima kubadilisha. Ila pimeni kompresheni injini ikiwa mpya: injini ya moto, mafuta wazi kabisa, piga kiki mpaka mshale utulie. Andikeni namba. Ikishuka kwa asilimia 10 hadi 15, agizeni pistoni wakati pikipiki bado inatembea. Msifananishe namba yenu na ya mtu wa Mombasa: hewa yake ni nzito, geji yake itasoma juu zaidi.

Na silinda, nawaombeni, msiichonge! Boxer ina slivu ya chuma, unachonga, unaweka pistoni ya saizi kubwa, maisha yanaendelea. Silinda nyingi za pikipiki hizi ni alumini iliyopakwa tabaka la nikeli na silikoni kabidi, jembamba kuliko milimita moja kwa kumi. Ukilipitisha kwenye mashine ya kuchonga, limekwisha, umebaki na alumini tupu, na alumini juu ya alumini haimalizi kilomita. Mteja akiwaletea silinda iliyoshikana, tazameni kwanza. Mara nyingi kinachoonekana kama jeraha ni alumini ya pistoni iliyonata juu ya tabaka zima. Fundi mwenye uzoefu huiondoa kwa tone la asidi ya hidrokloriki kwenye kijiti cha pamba, akiwa amevaa glavu na miwani, nje penye upepo, bila kugusa kingo za matundu, kisha husuuza kwa maji mengi. Ukucha ukipita bila kukwama, tabaka liko hai. Ukikwama, silinda iende ikapakwe upya au itafutwe nyingine. Na pistoni huchaguliwa kwa herufi au namba iliyogongwa kwenye silinda.

Kufunga: kitambaa kwenye tundu la krenki kabla ya klipu yoyote kuruka. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi. Miisho ya ringi ikae kwenye pini zake ndogo, vinginevyo inanasa kwenye tundu na kuvunjika mzunguko wa kwanza. Klipu za pini mpya daima, mdomo wa klipu ukitazama juu au chini. Gasketi mpya. Nati za kichwa zikazwe kwa msalaba, kwa awamu tatu, kwa kipimo cha kitabu. Halafu washeni mpaka redieta iwe ya moto, zimeni, acheni ipoe kabisa. Mara tatu. Na kila asubuhi, hata kwa injini ya zamani, dakika mbili tatu za mwendo mwepesi mpaka redieta ipate joto mkononi. Pistoni hutanuka upesi kuliko silinda yake, na wanaoondoka kwa fujo injini ikiwa baridi huikwangua kwenye pembe nne.

Masika tutavuka mito. Pikipiki ikizama, msipige kiki! Maji hayakandamiziki, konirodi itapinda. Fungeni koki ya mafuta, toeni plagi na chujio, isimamisheni kwa gurudumu la nyuma maji yatoke kwenye ekzosi, kisha ipindueni kichwa chini, na sasa ndipo mpige kiki mara kumi na tano au ishirini matundu yakiwa wazi. Mwageni bakuli la kabureta. Kamueni chujio au wekeni la akiba, plagi mpya, washeni. Jioni badilisheni oili ya gia.

Upepo wa tairi: kwa tyubu, psi 12 hadi 14 kwenye udongo, 15 penye mawe. Cheni ifuateni kitabu, na msiikaze kama waya wa gitaa, itaua beringi.

La mwisho, na si dogo kwa kuwa mwishoni. Njia tunazoendesha hatukuzichonga sisi. Ni njia za akina mama wenye ndoo za maji, za watoto wa shule, za wazee wanaoshusha kahawa na matoke. Ukisikia mtu mbele, shuka mizunguko. Ukikutana naye penye wembamba, wewe ndiye unayesimama, upande wa korongo, na kama ana mzigo kichwani unazima injini mpaka apite. Tarehe 1 Machi 2010, mlima ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa, ukazika mamia ya watu. Wakazi wa miteremko hii wanaujua udongo wao. Gurudumu linalozunguka bure kwenye mteremko wenye unyevu linachimba mfereji, na mvua inayofuata inaufuata mfereji ule hadi kwenye shamba la mtu. Siku ya mvua kubwa hatupandi miteremko ile, hata kama tumesafiri kutoka Kampala. Na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon hauvukwi bila idhini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda.

Sasa tutoke nje. Meza ya kushoto ina mabeseni ya sabuni, kila mmoja alete chujio lake alifue mbele ya mwenzake. Meza ya kulia kuna silinda mbili, moja ya slivu na moja ya kupakwa: mafundi, pitisheni ukucha mjue tofauti. Na mwenye jerikeni lisilo na tarehe ubavuni, kalamu iko pale mlangoni.